Mzazi mnyime mikono, mwachie uso

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimekabidhiwa kazi ya kubuni mchezo wa televisheni wa watoto wa miaka 8 hadi 12 wakishiriki pamoja na wazazi wao. Tumesharekodi vipindi viwili vya majaribio na vyote vimetushinda. Katika cha kwanza, baba mmoja alimsogeza mwanawe kando akabonyeza kitufe mwenyewe, mtoto akaangua kilio mbele ya kamera. Katika cha pili tukaamua wazazi wakae kwenye benchi wapige makofi tu, kipindi kikadoda. Tufanyeje ili mchezo ubaki wa mtoto lakini mzazi naye awe na kazi ya maana? Na huyu anayeshindwa, tumfanyeje asitoke pale analia?

JIBU: Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka. Sikucheki wewe, ni kwamba huyo baba aliyenyakua kitufe namjua. Sura yake sijawahi kuiona, lakini katika miaka niliyotayarisha michezo ya aina hii nimekutana naye karibu kila msimu. Safari nyingine huwa mama, safari nyingine babu. Wa kwangu wa kwanza alikuwa mtu mpole kupita kiasi. Kwenye chumba cha kusubiri nilimsikia akimwambia binti yake, "Leo ni siku yako, mimi nimekusindikiza tu." Taa zikawaka, likaja swali la tatu, na mkono wake ukapita juu ya bega la mtoto kabla yeye mwenyewe hajatambua. Alikuja kuniomba radhi baadaye huku akiutazama ule mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine.

Kwa hiyo yule baba wako msimlaumu. Ilaumuni meza. Mliweka kitufe kimoja, mkasimamisha watu wawili nyuma yake, mmoja ana mkono mrefu na anaona kabisa mwanawe yuko karibu kuumbuka. Hakuna mzazi wa kuvumilia hilo kwa nusu saa. Halafu katika jaribio la pili mkatibu jino kwa kung'oa taya: mkamwondoa mzazi kwenye mchezo mzima, na pamoja naye mkaondoa sababu ya mtu kutazama.

Jibu langu, ukitaka la kubandika ukutani, ni hili: mzazi mnyime mikono, lakini mwachie uso. Mtazamaji aliyekaa nyumbani hamtazami mtoto ili ajue kama anaujua mji mkuu wa nchi fulani. Anamtazama mtu mzima anayeujua, anampenda anayeulizwa, na hana ruhusa ya kusema. Uso ule ndio kipindi chako, na ndio mliokuwa mkiupiga picha kwa mbali kwenye benchi, ukiwa hauna cha kuhangaikia.

Tatizo hili halikuanza na wewe, na waliotangulia wamelijibu kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumshusha mtu mzima. Marekani, mwaka 1986, stesheni ya watoto ya Nickelodeon ilianzisha Double Dare, kikirekodiwa Philadelphia na kuendeshwa na Marc Summers. Watoto wawili kwa wawili walishindana kwa maswali. Usipolijua swali uliweza kuwasukumia wapinzani kwa thamani maradufu. Nao wakikuogopa wakakurudishia, thamani ikapanda mara nne, na hapo huna ujanja: ujibu au ufanye kazi ya mikono na miguu, kwa kawaida ya sekunde 20 au 30, ambayo aghalabu ilihusu kumwagikiwa kitu. Mwisho kulikuwa na njia ya vikwazo vinane ndani ya sekunde 60, kila kikwazo kikiwa na bendera ya kuchomoa. Kimoja kilikuwa pua kubwa kuliko mtu, na bendera ilikuwa ndani ya tundu la pua; sihitaji kukueleza watoto walilipokeaje hilo. Mwaka 1988 likaja toleo la familia, Family Double Dare: wazazi wawili na watoto wawili kila upande, wote wakilowa ute uleule, ule uji wa rangi unaoteleza.

Jambo la kujifunza hapo ni kwamba ute ni chombo cha usawa. Mama aliyelowa kijani kuanzia utosini hawezi tena kumwambia mtoto asimame wima. Dakika tano za kwanza zinavunja cheo chake, na baada ya hapo ni wachezaji wanne tu. Uingereza BBC ilikwenda mbali zaidi kuanzia 1991 kwa Get Your Own Back, ambamo shabaha yenyewe ilikuwa mtoto kumtumbukiza mtu mzima wake, awe mzazi au mwalimu, katika birika la uji mzito wa rangi. (Summers, nikiwa bado hapo, alikuja kueleza hadharani kwamba miaka yote ile alikuwa akisumbuliwa na ugonjwa wa akili unaomlazimisha mtu kusafisha na kupanga vitu bila kukoma. Kila ninapolalamika kuhusu kazi yangu humkumbuka yeye, amesimama katikati ya matope kwa tabasamu.)

Njia ya pili ni kumpandisha mtoto: kumpa kitu ambacho mtu mzima anakihitaji na hana. Marekani tena, mwaka 1982, kituo cha televisheni cha CBS kilikuwa na mchezo ulioitwa Child's Play. Watoto walirekodiwa wakieleza maana ya maneno kwa namna yao, na watu wazima wakakisia ni neno gani. Hapo elimu ya mtu mzima haikumsaidia kitu. Ilimbidi aingie katika kichwa cha mtoto. Mwaka 2007 kituo kingine, Fox, wakaja na Are You Smarter Than a 5th Grader?, wakiulizwa watu wazima maswali ya shule ya msingi, na kando yao watoto wa darasa la tano. Mtu mzima aliruhusiwa kuchungulia jibu la mtoto, au kulinakili kama lilivyo, au kuokolewa nalo pale alipokosea yeye na mtoto akapata. Donge la juu lilikuwa dola milioni 1, na lilining'inia kwenye kalamu ya mtoto. Wale hawakuwa watoto wake, lakini fikiria wangekuwa.

Mimi naegemea njia ya pili. Ya kwanza inachekesha haraka na kuchosha haraka. Ndoo ya tatu ni ndoo tu. Weka ute kama unaweza kuusafisha, lakini usiufanye nguzo ya nyumba.

Sasa meza yenyewe. Kitufe kitoeni mezani. Tengenezeni cha kushika kiganjani, cha waya, kinachoenea katika mkono wa mtoto wa miaka minane, naye akae nacho tangu mwanzo hadi mwisho. Mzazi asimame nyuma, hatua tatu au nne, juu ya kijukwaa kilichoinuka kidogo, na mbele yake pawe na kitu cha kushika. Usipuuze hiki kitu cha kushika. Sisi tuliweka reli ya mbao, na kipindi cha kwanza tu mpiga picha wa kamera ya tatu akaniita kunionyesha: vidole vya mama mmoja vilikuwa vimeikamata reli hadi vimepauka kwenye vifundo. Tulikata kwenda kwenye vidole vile mara nne kipindi kile.

Kwa nini nyuma, na si kando au mbele? Kwa sababu ya farasi. Mwanzoni mwa karne iliyopita, Berlin, palikuwa na farasi aitwaye Hans aliyesifika kwa kujua hesabu. Ukimuuliza tatu na nne ni ngapi, anapiga kwato mara saba. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi hakuwa akihesabu chochote. Alikuwa akimsoma aliyemuuliza. Kwato zilipokaribia jibu, mwili wa muulizaji ulikaza kidogo, na zilipolifikia ukalegea, bila mwenyewe kujua. Hans akaacha kupiga. Ikiwa farasi aliweza hivyo kwa mgeni, mtoto wa miaka tisa atafanya nini kwa uso wa mama yake, ambao ndicho kitabu cha kwanza alichojifunza kukisoma? Weka mzazi mbele ya mtoto na utapata majibu sahihi mengi na hakuna mchezo. Mtoto ataanza neno polepole, ataona nyusi, atalibadilisha katikati.

Na masikio pia. Uingereza, katika Who Wants to Be a Millionaire?, mwaka 2001 mshindani alishinda zawadi ya juu kabisa, kisha mwaka 2003 mahakama ikamtia hatiani pamoja na wenzake wawili kwa kosa la kusaidiwa majibu kwa kikohozi. Hao walipanga. Mzazi hapangi, lakini anavuta pumzi, anaguna, anasema "mh!" Sisi tulimaliza kwa njia rahisi: wakati wa swali tunapiga muziki wa saa, na spika moja ndogo tumeielekeza kati ya mtoto na mzazi. Mtangazaji anasikika vizuri, "mh!" inamezwa.

Hapo tumemnyima mikono. Sasa kazi yake. Mpe mtoto kadi tatu za wito. Kila akitoa kadi moja, mlio unalia, mtoto anageuka, na mzazi ana sekunde kumi za kusema apendalo. Mtoto ndiye anayetoa jibu la mwisho, kwa kinywa chake, na ana haki ya kulikataa shauri la mzazi. Angalia kilichotokea: mzazi ana kazi kubwa, lakini mlango wa kuingilia unafunguliwa upande wa mtoto tu.

Nikuonyeshe moja. Mvulana wa miaka tisa hivi, mama yake muuguzi. Swali: mfupa mrefu kuliko yote mwilini uko wapi? Mama nyuma ya reli alifumba macho, kwa sababu hilo analijua akiwa usingizini. Mtoto akaichukua kadi. Akaigeuza. Akaitazama upande wa nyuma, ambako hapakuwa na kitu. Akainama akajitazama miguu, kiatu cha kushoto, goti, kisha polepole akairudisha kadi mezani, akailaza kifudifudi. "Pajani," akasema. Hakugeuka nyuma hata hivyo. Alikuwa akimtazama mtangazaji. Kwa hiyo hakumwona mama yake alivyofunika mdomo kwa viganja vyote viwili. Sisi tulimwona, na hadhira ilimwona, na mtoto alimwona wiki kadhaa baadaye kwenye televisheni. Kadi ile isingekuwepo, lingekuwa swali moja la kawaida lililojibiwa sawasawa.

Kuna na kinyume chake: mtoto anatoa kadi, anageuka na matumaini yote, na mzazi hajui. Usimwonee huruma mzazi huyu, wala usikate picha haraka. Mara nyingi hucheka wote wawili, na mtoto anageuka kulikabili swali akiwa mrefu kidogo kuliko alivyokuwa.

Maswali nayo yanahitaji kuchungwa. Ukijaza maarifa ya shule, utapata mashindano ya shule, na yupo mtoto atakayetoka hapo ameumbuka kwa jambo atakalokutana nalo Jumatatu darasani. Changanya. Theluthi moja maarifa ya kawaida. Theluthi nyingine mambo ambayo mtoto anayajua na mzazi hayajui: lugha ya michezo ya kompyuta, majina ya vibonzo, namna ya kukunja ndege ya karatasi; hapa mgeuze, mzazi ndiye aulizwe na mtoto ndiye awe nyuma ya reli. Utaona watoto wanavyoteseka, na watazamaji wadogo wanavyolipenda teso hilo. Theluthi ya mwisho ni kujuana: mzazi wako anaogopa mdudu gani, mtoto wako angechagua nini kati ya hivi viwili.

Hiyo theluthi ya mwisho ni tamu na ina miiba. Kila familia ijaze karatasi mapema, mzazi chumba chake na mtoto chake, na majibu yote yapitiwe na mtu mwenye busara kabla hayajageuka maswali. Usiulize jambo lolote ambalo jibu lake linaweza kufungua kabati la nyumbani. "Baba anapenda kufanya nini akirudi jioni?" ni swali zuri hadi siku mtoto atakapolijibu kwa ukweli. Na katika fomu zenu msiandike "baba na mama". Andikeni "mtu mzima anayekulea". Atakuja bibi, atakuja mjomba, atakuja dada mkubwa aliyeachiwa wadogo zake, na mtangazaji ajue mapema amwite nani, maana mtangazaji akisema "mama yako" kwa mtoto aliyefiwa, hakuna mhariri wa kuufuta uso ule.

Mtakapofika hapa mtaingiwa na kishawishi, afadhali nikitaje waziwazi. Kutakuwa na mtoto mzuri, mchangamfu, kamera inampenda, na hajui kitu. Mtu kwenye timu yako atasema, "Si tumdokezee kidogo?" Msifanye. Marekani katika miaka ya 1950 walidokezeana, na walioumia si wakubwa tu. Kesi iliyovuma ni ya mchezo wa maswali wa Twenty-One na mshindani wake Charles Van Doren, aliyekiri mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1959 kwamba alipewa majibu. Lakini mwaka huohuo aliitwa pia Patty Duke, mwigizaji ambaye alikuwa bado mtoto wa miaka 12, aeleze jinsi alivyofundishwa majibu kabla ya kushiriki mchezo mwingine, The $64,000 Challenge. Mtoto wa umri wa washiriki wako, mbele ya wabunge, akieleza udanganyifu uliobuniwa na watu wazima. Mwaka 1960 sheria ikapitishwa kuufanya mchezo wa namna hiyo kuwa kosa la jinai. Kwa hiyo maswali yakae kwa mtu mmoja asiyekutana na familia kabisa, katika bahasha, na mtangazaji ayaone siku ya kurekodi. Ukitaka watoto wasiojua wapate nafasi, rahisisha maswali kwa wote. Hilo ni halali.

Michezo ya mwili nitaipitia haraka, maana kanuni ni ileile. Usishindanishe nguvu, kwa sababu familia yenye baba mnene itashinda kila kamba. Tengeneza utegemezi: mzazi amefungwa kitambaa machoni na mtoto anamwongoza kwa sauti, au tundu ambalo mtoto tu ndiye anapenya, na mzazi yuko nje akipokea anachopitishiwa. Kofia ngumu, vikinga magoti na viwiko, hata kama mtoto atasema anaonekana kichekesho. Kama kuna kumwagiwa, maji yawe vuguvugu, kitu kisiwashe macho, sakafu iwe ya mpira, na kile kiboksi cha maikrofoni kinachofungwa kiunoni kitiwe ndani ya mfuko usiopenya maji. Tulipoteza viwili siku moja kabla fundi wa sauti hajatukoromea.

Sasa kulia, ambako naona ndiko kunakokusumbua zaidi. Kwanza punguza matumaini: watoto watalia. Ukikutanisha familia mbili mmoja atashindwa, na mwenye miaka minane hana mahali pengine pa kuliweka jambo hilo. Kinachoweza kupangwa ni alie akiwa wapi, na nani yuko karibu naye.

Anza na alama. Raundi ya kwanza maswali matano ya pointi 10, ya pili matano ya pointi 20, ya mwisho matano ya pointi 40. Piga hesabu: kabla ya mwisho mtu hawezi kuwa na zaidi ya 150, na raundi ya mwisho peke yake ina 200. Hakuna mtoto anayeingia mwisho akijua ameshakufa. Utaniuliza, basi raundi mbili za mwanzo zina faida gani? Anayeongoza baada ya kila raundi anaongezewa kadi moja ya wito. Ameshinda kitu cha kweli, na mwenzake hajafungiwa mlango.

Halafu kengele ya mwisho. Katika vipindi vingi utaona mtangazaji anasimama katikati, watoto wawili kila mmoja peke yake nyuma ya meza yake, ngoma inapigwa, mshindi anatajwa, karatasi za rangi zinamwagika upande mmoja. Upande wa pili kuna mtoto mmoja amesimama peke yake, na kamera inamsogelea. Hapo ndipo kilio chako kinapotengenezwa, na ni sisi tunaokitengeneza.

Geuza mpangilio. Kengele ya mwisho ikilia, kabla ya matokeo, wazazi wote wawili wanashuka. Sasa ndiyo unawarudishia mikono. Wametumia dakika ishirini na tano wakikamata reli. Hutahitaji kuwaelekeza la kufanya. Mtangazaji asubiri. Acha wakumbatiane, waulizane, mtoto aseme "ulilijua lile la mfupa?" Baada ya hapo ndipo matokeo yasomwe, na yule aliyeshindwa ayasikie akiwa tayari ameshikwa. Tulipobadilisha hivyo, watoto wengine bado walilia, lakini walilia shingoni mwa mtu wao, na hiyo ni picha ya familia, haina aibu ndani yake. Kamera isiwasogelee. Mtangazaji asiwaulize "mnajisikiaje". Awaulize swali wanalopenda kulijibu, kwa mfano ni swali lipi lilikuwa gumu kuliko yote. Zawadi ya walioshindwa iwe ya kufanya kitu pamoja, na itofautiane na ya washindi kwa kiasi ambacho mtoto hatakitajataja mwaka mzima. Kanuni za utangazaji za Uingereza, zinazosimamiwa na Ofcom, zinataka zawadi kwa watoto zilingane na umri wa washiriki na wa watazamaji. Gari kwa mtoto wa miaka kumi ni zawadi ya baba yake, na baba mwenye gari mbele yake ndiye huyo anayenyakua vitufe.

Kanuni hizohizo zina jambo jingine ambalo ningekushauri ulichukue hata kama huko uliko hakuna anayekulazimisha: ustawi na heshima ya mshiriki aliye chini ya miaka 18 ni jukumu la watengenezaji, hata kama mzazi ameshatoa ridhaa. Saini ya mzazi haikuondolei mzigo. Kwa hiyo, asubuhi ya kurekodi, mtu mmoja wa timu yako, ambaye si mtangazaji na si wewe, akae na kila mtoto mbali na mzazi wake lakini mahali wanapoonekana, amuulize maswali mawili: Nani alitaka kuja hapa? Na ukichoka katikati utafanyaje? Jibu la kwanza likiwa "mama alitaka" na macho yako chini, mnakuwa na familia ya akiba, mnaiingiza hiyo, na mama mnamwambia kuna hitilafu ya ratiba. Uongo huu mmoja naukubali. Kwa la pili, mfundisheni ishara: ashike masikio yote mawili, na kurekodi kunasimama bila mtu kuuliza kwa nini. Kwangu ishara hiyo ilitumika mara chache sana. Mara moja mtoto alitaka kwenda haja.

Rekodini vipindi vya watoto wadogo asubuhi na msizidishe viwili kwa siku. Wakubwa wanaweza kurudia kuingia jukwaani mara nne kwa sababu taa imezima. Mtoto mara ya tatu ameshakuwa mwigizaji, na ukimwona anamtabasamia mpiga picha ujue umeshampoteza.

Kabla ya jaribio la tatu usijenge jukwaa jipya. Chukua chumba chochote, reli au hata migongo ya viti viwili, kadi sita za karatasi, familia mbili zisizofanya kazi kwenye kampuni yenu, na kamera mbili tu, zote zikiwatazama wazazi. Rekodi dakika ishirini. Kisha zima sauti kabisa, umwite mtu asiyejua mnachofanya, mwoneshe. Kama baada ya dakika tano anaweza kukuambia mtoto wa nani anaongoza, nenda kajenge jukwaa. Kama hawezi, maswali yako ni mepesi mno au wazazi wanasema mno. Anza na maswali.